Anayeshuka Mti Haguswi

Motlhwareng,
S.L.P. 14,
Bobonong.

12 Desemba 1996

Mpendwa wifi yangu MmaMasego,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu, wewe, wazazi wako na watu wote wa Kang. Hamjambo? Masego hajambo? Kifua chake kimepona, au bado kinambana upepo ukivuma? Sisi tu wazima, ila mama anaendelea kudhoofika, macho na magoti yanashindana kumwacha. Kila asubuhi anauliza kama umeandika. Nikimjibu kwamba mimi ndiye ninayetakiwa kuandika kwanza, ananiambia, "Basi andika, au na mkono nao umeota yabisi?"

Mvua ilianza wiki ya pili ya Novemba. Mtama umeota vizuri, matikiti yameanza kutambaa. Mbwa wako bado analala mlangoni kwako. Nikimwita kwangu ale, anakula, kisha anarudi kulekule bila hata kunitazama.

Naona nazunguka. Salamu zimekwisha na mkono unatafuta habari nyingine ili usifike pale ninapotaka kufika. Wifi, nina aibu. Barua hii nimeianza mara tatu, na mara mbili nimeitia motoni.

Unakumbuka ulipoolewa kwetu, ulivyokutana na phane mara ya kwanza? Ulisimama chini ya mti na ndoo yako, viwavi wenye miiba wamejaa kila tawi, ukasema, "Jamani, Otsile aliniambia nakuja kwenye kitoweo, hakuniambia kitoweo chenyewe kinatembea!" Ukamkamua wa kwanza ukimshika upande usiofaa, uchafu wa kijani ukaruka mpaka kwenye shati la mumeo, marehemu kaka yangu. Tulicheka siku nzima. Miaka miwili baadaye ulikuwa unatushinda wote kwa kasi ya mikono, na wa kwako waliochemshwa kwa chumvi na kuanikwa ndio mama aliowaficha kwa ajili ya wageni.

Mama ndiye aliyetufundisha sote sheria moja, wewe na mimi tukiwa tumekaa mkeka mmoja. Kiwavi akiwa juu ya mti ni wetu. Akiacha kula na kuanza kushuka shina, haguswi hata kama ndoo haijajaa. Huyo anakwenda kujizika, alale ardhini miezi yote ya baridi, na mvua ikimwamsha atoke nondo, atage mayai ya mwaka mwingine. "Anayeshuka si chakula, ni mbegu," alisema. Sheria hiyo niliijua kabla sijajua kufunga kanga.

Mwaka jana mwezi wa Juni, miezi minne baada ya kumzika Otsile, nilichukua jembe nikaenda kuwachimba waliolala.

Nikueleze kwa nini, ingawa sababu yenyewe inanifanya nijione mdogo. Magoti yalikuwa yananiuma, na nilikuwa nimechoka kusikia jirani yetu MmaSetlhare akijisifu jinsi anavyojaza ndoo bila hata kutoka nje ya ua. Nikafikiri: mimi nina miti mitatu ya mopane uani. Nikiwahamisha waliolala wakaamkie kwangu, watataga kwangu, na msimu ujao nitakaa kwenye kigoda navuna kama malkia. Nilianza na kichaka chetu, kisha nikaingia kwenye kile cha kijiji kizima. Siku tatu nilichimbua kama nguruwe. Nilitoa mabeseni kwa mabeseni ya vile vidude vya kahawia, vigumu, ambavyo ukivishika mkononi vinachezesha mkia kuonyesha kwamba vina uhai.

Siku ya tatu nilisahau beseni moja kichakani, nimelifunika kwa kitambaa. Magoti yalikuwa yamegoma. Wewe ulikuwa umekaa na gauni lako la msiba, hujaoshwa bado kumaliza msiba, nikakutuma wewe. Huku kwetu mjane asiyeoshwa hapiti chini ya miti ya phane, eti joto lake huwachoma, na kwenu Kang nako joto hilo linaogopwa, ndiyo maana ukaniuliza, "Wifi, na hili joto langu la ujane, nipite chini ya phane kweli?" Nikakujibu, "Nenda bwana, nani atakuona?" Ukaenda kwa sababu mkubwa wako amekutuma. Ukaleta beseni bila kufunua kitambaa, ukaliweka miguuni pangu, ukarudi kukaa. Lakini mtoto wa Rra Moatlhodi alikuwa anachunga mbuzi na alikuona.

Waliolala niliwatia kwenye pipa lenye udongo, ndani ya jiko la zamani, kwa kuogopa kuku. Nikawa nawanyunyizia maji, mimi niliyedhani najua kuliko mvua. Novemba ilipofika nilifungua mlango na harufu ikanirudisha nyuma. Karibu wote walikuwa wameoza, na siafu walikuwa wamekwisha kufika. Wachache walitoka nondo. Wifi, hujawahi kumwona nondo wa phane saa ile anapotoka. Mabawa yake yamejikunja, yamelowa, ni lazima apande juu ya kitu, aning'inie, ndipo yanyooke na yale madoa makubwa kama macho yaonekane. Pipa langu lilikuwa laini. Walikuwa wanazunguka chini, wanapanda kidogo na kuanguka, mpaka mabawa yakakauka yakiwa yamejikunja. Nondo huyo hana mdomo. Hali kitu tangu anatoka mpaka anakufa siku tatu au nne baadaye. Nililibiringisha pipa hadi chooni nikamwaga kila kitu, nikaosha mikono.

Desemba ile hapakuwa na phane. Ni kweli mvua ilichelewa, na mwaka mzima nimejificha nyuma ya hiyo mvua. Lakini vijiji vya jirani vilipata, angalau kidogo. Ni sisi tu tuliokosa kabisa.

Ulikuwepo kgotla, kwenye baraza la kijiji, siku ile, sina haja ya kukusimulia. Ninachotaka ujue ni kwamba nami nilikuwepo, na ninakumbuka kila kitu. Rra Moatlhodi alisimama akasema, "Mjane huyu amepita na joto lake chini ya miti yetu, amewachoma ardhini! Au mnadhani wamehamia Gaborone kutafuta kazi?" Watu wakacheka. Kgosi, chifu wetu, akakuuliza nani aliyekutuma. Ulinitazama mara moja tu, kisha ukainamisha kichwa ukasema, "Nilikwenda mwenyewe, Kgosi." Kisha Kgosi akaniuliza mimi, dada wa mume, kama ni kweli ulipita. Nikasema, "Ni kweli, alipita." Nikakaa. Nondo hana mdomo, lakini mimi ninao, na hayo ndiyo niliyoutumia kusema.

Ulipofunga mizigo Januari, nilikusaidia kukaza kamba ya sanduku. Nilikubebea Masego mpaka barabarani. Basi lilipoondoka nilijisikia nimetua mzigo, na hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote. Nilifurahi kwamba macho yako yamekwenda mbali.

Sasa nikwambie kwa nini ninaandika leo. Baada ya mvua hii ya Novemba, nondo wachache walionekana kwenye taa ya duka. Unajua wanawake walisema nini kisimani? "Si mnaona? Ameondoka, wamerudi." MmaSetlhare akaniongezea, "Shukuru, MmaThuso, mkosi umekwenda kwao." Nami nikaitikia. Wifi, niliitikia! Nilifika nyumbani nikashindwa kuinua kijiko cha uji.

Kesho yake nilikwenda kufagia ua wako, kazi ambayo sikuwa nimeifanya tangu uondoke. Kwenye ule mmopane ulio mbele ya nyumba yako, pale ulipokuwa unamwaga maji ya kufulia, nikakuta mayai meupe yamezunguka kijiti, safu kwa safu. Nikatafuta miti mingine ya upande wetu wote, wangu, wa MmaSetlhare, wa kichakani. Hakuna. Ni mti wako tu. Hapo sikupachimba mwaka jana, kwa sababu ulikuwa unakaa barazani na niliona haya uniulize ninachimba nini.

Ijumaa iliyopita nilisimama kgotla. Nilisema yote: jembe, beseni, pipa, choo, na kwamba ni mimi niliyekutuma. Nikawaambia kama joto la mjane ndilo lililochoma phane, waje waangalie ni mti wa nani wenye mayai. MmaSetlhare akadakia: "Kumbe tuliyekuwa tunalia naye matanga ya phane ndiye aliyewazika!" Nilistahili. Mama alikuwa ameletwa kwa mkokoteni asikie kwa masikio yake. Hajala chakula cha mkono wangu tangu siku hiyo, anapikiwa na jirani.

Kgosi ametamka mbele ya wote kwamba jina lako ni safi. Mimi nimetozwa mbuzi, yule jike mwenye sikio jeupe, na amesema ni wako. Sitakudanganya kwamba wote wameridhika. Rra Moatlhodi bado ananung'unika kwamba joto ni joto, hata likitumwa. Ila mkewe alikwenda kuuona mti wako, akarudi akamwambia anyamaze, na amenyamaza kiasi.

Mayai yameanguliwa. Sasa ni viwavi wadogo, weusi, wamebanana kwenye matawi mawili, lakini wanakula usiku na mchana. Kgosi ameagiza kwamba mti huo hautaguswa na mkono wa mtu isipokuwa wako. Mimi nakaa chini yake na fimbo kufukuza ndege, na kuku wangu mwenyewe nimewafungia. Watoto wakipita wananiita Bibi Pipa. Nawaacha.

Kwa hesabu yangu wataanza kushuka baada ya mwaka mpya. Sina uso wa kukuambia njoo. Ukija kabla ya hapo, utavuna wewe, nasi wengine tutakuwa tunatazama. Usipokuja, watashuka wote hadi wa mwisho na kulala mlangoni kwako, na mbwa wako atakuwa hapo, nami nitakuwa hapo. Mara hii sitagusa hata mmoja.

Nisalimie baba na mama yako, uwaambie nitakuja kuwaangukia miguuni mwenyewe, magoti yakubali yasikubali. Msalimie Masego, umwambie bibi yake anamtafuta kwa kupapasa kwenye kile kitanda kidogo. Thuso wangu anakusalimu, naye bado hanisemeshi vizuri. Mungu awape mvua ya kiasi, na akupe wewe moyo wa kuisoma barua hii mpaka mwisho.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye na niliyekutuma kufuata beseni,

Kebonang (MmaThuso)