Niliandika "Amejitolea"

Jumatatu, 5 Agosti 1946

Wino umeganda tena. Nimeuongezea maji, sasa maandishi yangu yamepauka kama chai ya maskini. Kesi tatu barazani leo. Mbuzi, mpaka wa shamba la kahawa, mke aliyerudi kwao. Nimeandika hadi vidole vimekufa ganzi.

Jioni imeletwa ya nne. Laurenti, yule askari wa Keya aliyerudi kutoka vita vya Burma, amemvunja mkono mzee Kaitaba. Wa kulia. Wafugaji walikuwa wanachoma nyasi kilimani kama kila kiangazi. Wanajipanga mstari, wanauzuia moto kwa matawi mabichi, kelele tupu, nyuso nyeusi kwa majivu. Laurenti anatoka shambani na jembe. Matete yakaanza kualika motoni. Pa! Pa! Akalala kifudifudi njiani. Mzee akatokea kwenye moshi na tawi lake, na Laurenti akamrukia na mpini wa jembe.

Mtu mzima kuogopa matete. Nilicheka waliponisimulia.

Jumanne, 6 Agosti

Gombolola nzima, vijiji vyote vya baraza letu, inaijadili kesi. Nusu wanasema mtu aliyempigania Mfalme wa Waingereza asifungwe kama mwizi wa kuku. Nusu wanasema hawa waliorudi na mabuti wametuchosha, wanakunywa rubisi, pombe ya watu, na kutuamrisha kama makuruta.

Mimi niko na hao wa pili. Sheria ni moja. Haimvulii kofia askari wala padre.

Nimemwambia hivyo mke wangu Anastazia wakati wa kula. Alinisogezea bakuli la maharage na kunitazama. Sipendi anavyonitazama.

Jumatano, 7 Agosti

Nimekwenda kwa mzee Kaitaba kuchukua maelezo yake. Mkono umefungwa vijiti, umevimba hadi begani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa shida.

Hakuuliza Laurenti atafungwa miezi mingapi. Aliuliza nani atamkamulia. Kwao wanawake hawakamui, ni mwiko, na mwanawe wa pekee tulimzika mwaka juzi. Jirani anakuja akimaliza ng'ombe wake, jua limeshapanda. Viwele vimejaa, ng'ombe wanalia. Ng'ombe wanalia kweli, nimewasikia.

Nimerudi na karatasi yenye mistari minne tu. Nimekosa utulivu. Nimefagia ofisi mara mbili bila sababu.

Ijumaa, 9 Agosti

Shauri limesikilizwa. Laurenti hakukana. Alisema amempiga, na alipompiga hakuona mzee Kaitaba, aliona mtu mwingine. Mtu gani? Akaikalia mikono yake.

Wazee wa baraza wakavutana. Mmoja anataka askari apunguziwe. Mwenzake akafoka: basi kila mwenye buti avunje watu mikono?

Mwami, mkuu wa gombolola yetu, alisikiliza, kisha akatoa neno lake. Kama Laurenti alijiendea vitani mwenyewe, vita ni vyake na matunda yake ni yake: miezi minane, jela ya Bukoba. Kama ni baraza lililomtoa, basi libebe naye. Laurenti akasema alichukuliwa. Alikuja kulipa kodi, akazuiwa, kesho yake yumo kwenye lori.

Mwami akanigeukia. Karani, orodha ya waliokwenda vitani mwaka ule unayo? Jumatatu utusomee.

Ninayo. Niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumamosi, 10 Agosti

Niandike. Hakuna asomaye hapa ila mimi.

Kijiji chetu kilitakiwa kutoa mtu mmoja. Kura ilimwangukia Kristofa, mdogo wangu. Mama alilia siku tatu. Nami nilikuwa na kalamu. Nikaandika: Kristofa, mgonjwa wa kifua. Laurenti alikuwa amesimama mlangoni na pesa yake ya kodi mkononi. Yatima, hana wa kumlilia. Nikaandika: Laurenti, amejitolea. Mwami wa wakati ule akapiga muhuri bila kusoma. Naye ni marehemu.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Miaka yote hii nimelijua hilo nikaendelea kula na kulala.

Nimeitoa karatasi kwenye sanduku. Jikoni kuna moto. Naweza kusema mchwa wameila. Lakini hata kuichoma sina haja. Nikiisoma tu kama ilivyo, nimemaliza. Muhuri upo. Nani ataamini mdomo wa mtu anayelala kifudifudi kwa mlio wa matete?

Naogopa. Ndiyo, naogopa.

Jumapili, 11 Agosti

Kanisani. Kristofa ameimba sauti ya nne, madirisha yakatetemeka. Kifua cha fahali. Watu wakageuka kumtazama kwa furaha. Nikatoka nje, nikasingizia jua.

Nilimweleza kila kitu baada ya ibada. Alikuwa hajui. Kwanza alikasirika, kisha akaniomba nisiseme. Ana mke, ana mtoto wa wiki sita.

Nimezunguka migombani hadi Anastazia akanifuata. Akasema: "Baba Yusta, utatoboa ardhi." Nikamwambia naye. Akakaa chini palepale kwenye majani makavu.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimesoma.

Kristofa, mgonjwa wa kifua. Laurenti, amejitolea. Sauti ilitoka nzuri tu, sauti yangu ya kila siku. Mwami akatikisa kichwa, akashika fimbo yake kutaka kuhukumu. Laurenti hakubisha. Aliangalia sakafu kama mtu anayesubiri mvua ipite. Kule kutobisha ndiko kulikoniua. Nikasema: Mwami, karatasi hii ni uongo. Mwongo ni mimi.

Loo, kelele! Sikumbuki yote. Nakumbuka mzee Kaitaba akigonga ubao kwa mkono wake mzima na kusema kifungo hakikamui ng'ombe.

Mwami hakumsamehe Laurenti kwa ajili ya Burma. Alisema wazi, mkono wa mtu ni mkono wa mtu. Atamtumikia mzee hadi mfupa uunge. Na aliyebaki nyumbani mahali pake, Kristofa, atakamua. Mimi nikaambiwa niiache kalamu mezani, na barua iende kwa Bwana DC. Nikaiacha. Ilikuwa nzuri, ya nibu ya shaba.

Jumanne, 13 Agosti

Kristofa amevuka kwenda Uganda alfajiri. Mkewe analia kwangu. Mama hataki kuniona.

Ng'ombe hawangoji. Nimekwenda mwenyewe.

Jumapili, 25 Agosti

Naandika kwa penseli. Barua ya DC bado.

Kila asubuhi mzee Kaitaba hunilazimisha kunawa mara mbili, anadai mikono yangu inanuka wino. Kazi ni ya watu wawili. Laurenti anamleta ndama, anamwachia anyonye kidogo ili maziwa yashuke, kisha anamvuta pembeni na kumshika. Mimi nakamua. Vibaya. Nimepigwa teke mara tatu. Mzee anacheka, mkono bado kwenye vijiti. Laurenti haongei nami. Hajanitukana hata siku moja. Ningependa anitukane.

Leo ng'ambo ya bonde wamechoma tena. Matete yakaalika. Laurenti akaganda, amemkumbatia ndama, macho yako mbali. Jasho likamtiririka. Nami siwezi kuacha chuchu. Sikujua la kusema, nikaanza kutaja ng'ombe wa mzee kwa sauti. Bihogo. Gaju. Kyasha. Walipokwisha nikaanza upya. Sijui nilirudia mara ngapi.

Moto ulipozimika alikuwa bado amesimama. Akamwachia ndama, akasema nimemsahau mmoja, yule mweusi mwenye pembe moja.