Kufuli la Mwenyekiti Ambrosi

Josepha, mwenzio leo nimekuwa mtaalamu wa kompyuta! Kuiwasha tu ndiyo sijui.

Nimemsindikiza mjukuu wangu Gaudensia, fundi wa programu, kuomba kazi kwenye ushirika wetu wa tumbaku, Urambo. Kompyuta zao zinagandaganda. Kawaeleza: mfumo unaweka karibu mafaili yanayosomwa sana, lakini kila anayesoma anayatia kufuli kwanza, wenzake wanangoja. Yeye, katika jaribio alilowaonyesha, kaondoa kufuli kwa wasomaji. Anayebadilisha kitu ndiye afunge.

Mwenyekiti Ambrosi kakataa! "Bila kufuli ni wizi, binti. Kazi hii hatukupi."

Wizi? Kusoma?! Na ndiyo ingekuwa kazi ya kwanza ya mtoto!

Ni Ambrosi yuleyule, mwenzangu, muuzaji wa duka la kijiji enzi za Ujamaa! Ukitaka kuchungulia tu kama sukari imekuja, anafunga mlango nyuma yako, sisi wengine tunaungua na jua nje.

Nikamkumbusha mbele ya wote. Kavimba huyo! "Nilifunga kwa haki! Hata watu wa nyumbani kwangu walipanga foleni!"

Mkewe, mpika chai wa ushirika, alikuwa anatumiminia chai. Akasita na birika mkononi.

"Foleni gani, baba Hilari? Sukari yetu si ilikuwa inapitia dirishani?"