Tarehe Iliyo Kwenye Cheti cha Baba Yako

Gongo la Mboto,
Dar es Salaam.
Jumapili, 11 Januari 2026.

Mpendwa mwanangu Recho,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba, maana najua shikamoo yako ingetangulia kabla ya neno lolote. U mzima? Kifua chako na baridi hiyo vinaelewana? Uliposema theluji imefika kwenye dirisha nilikuombea kama mtu aliyelazwa. Kunywa vitu vya moto, na ile kofia uivae hata kama inakuharibia nywele.

Sie huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Goti langu la kushoto linalalamika nikipanda ngazi za kanisani, lakini tumeshazoeana. Mama yako kule Boko presha imetulia, anaendelea na mabinti zake wa kushona. Allen wangu amepata kazi kwenye yadi ya makontena Kurasini, kulekule alikofanya kazi baba yako, na wapo wazee wanaomkumbuka. Joto ni kali na mvua ni za kubahatisha.

Barua hii inakuja kwa mkono wa Sista Yuliana wa parokia yetu. Anasafiri Jumatano kwenda kwenye nyumba ya shirika lao hukohuko Marekani, akifika ataitia posta. Utajiuliza kwa nini shangazi anaandika kwenye karatasi wakati kila Jumapili tunaongea. Kwenye simu nimejaribu, mwanangu. Mara tatu nimeanza, na mara tatu nimeishia kukuuliza umekula nini.

Ni kuhusu cheti cha kifo cha baba yako. Sijakipoteza kama nilivyokuambia. Kiko humu ndani, kwenye bahasha ndogo. Picha yake sikukutumia kwa sababu ungeona tarehe kabla hujanisikia. Basi nisikie kwanza, bahasha uifungue baadaye.

Nianze kwa kusema nilivyoelewa mambo yako. Unaomba chuo cha udaktari, na siyo vile vya kawaida, ni vile ambavyo juu ya dawa na upasuaji wanafundisha pia kutibu mifupa na misuli kwa mikono. Uliponieleza mara ya kwanza nilikuuliza kama utakuwa kama yule mzee wa huku anayeunga mifupa kwa mafuta ya nazi. Ulicheka mpaka ukakohoa. “Shangazi, ni daktari kamili, ila na mikono yake inajua kazi.” Ukasema vyuo hivyo havimhukumu mtu kwa GPA, yaani wastani wa alama, peke yake, wanataka habari zake zote. Ya kwako ni mbili nukta saba, na kilichoizamisha ni muhula mmoja, Septemba mpaka Desemba 2021. Ulifeli kemia, ukafeli fizikia, mengine ukaponea chupuchupu. Baadaye umeyarudia masomo hayo huku unafanya kazi ya kuhudumia wazee, ukapata A tupu. Hata hivyo vyuo kumi na kimoja vimekukataa.

Kimebaki kimoja. Hicho kinakutaka, lakini kina swali. Uliwaandikia kwamba uliangushwa na msiba wa baba. Wakaangalia tarehe. Mtihani wa mwisho ulikuwa tarehe 9 Desemba, na wewe umesema baba alifariki tarehe 11. Msiba wa baada ya mitihani umeiangushaje mitihani? Wamekupa mpaka tarehe 30 ya mwezi huu uwajibu na upeleke cheti. Usipowaridhisha, ndiyo basi.

Na Krismasi ukaniambia neno ambalo mpaka leo liko kifuani kwangu. “Shangazi, labda wana haki. Baba alikuwa hai, ananiandikia kila Jumapili, na mie nikafeli. Nitawaandikia tu kwamba nilikuwa mzembe.”

Usiandike hivyo, Recho. Hukuwa mzembe. Baba yako hakufariki tarehe 11 Desemba. Alifariki Jumanne tarehe 19 Oktoba, saa tisa alasiri, na Alhamisi tukamzika Pugu.

Kaa kidogo kabla hujaendelea kusoma.

Siku ile ya Jumanne ndugu tulikutana Boko, kabla hata turubai halijafungwa. Mama yako aliishika simu akitaka kukupigia. Baba yako mdogo Gaspar akamshika mkono. “Shemeji, mtoto ana mitihani. Yuko peke yake ugenini. Mnataka azimie kule nani amwokote?” Mama yako akasema, “Nitamdanganya vipi mtoto niliyemzaa?” Kisha wote wakanigeukia mie, maana ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Nikasema tukuache umalize mitihani kwanza. Ni mie niliyesema, siyo mama yako.

Sikuona ni dhambi. Unajua desturi yetu, mtu wa mbali anafichwa mpaka amalize jambo lake. Babu yako alipofariki mie nilikuwa na mimba ya Allen, miezi minane, na walinificha mpaka nilipojifungua. Sikuwalaumu hata siku moja. Nilijua walinipenda, na nilidhani nawe utakuja kusema hivyohivyo. Sikufikiri kwamba mie nilifichwa siku ishirini, tena nikiwa katikati ya watu walionishika, na wewe ulikuwa kwenye chumba kimoja, nchi ya watu, siku hamsini na tatu.

Sauti ya baba yako ilikuwa imekwisha tangu Agosti kwa ile saratani ya koo, kwa hiyo hukutegemea kumsikia. Ulitegemea ujumbe wake wa Jumapili. Tukasema ukikatika utashtuka. Nikaichukua simu yake, nikakuandikia. Jumapili saba, mwanangu. Ulipoomba kumwona kwenye video nilisema amelala, au mtandao mbaya.

Lakini wewe ulijua. Ulianza kupiga kwa mama yako saa za alfajiri za huko kwenu, wakati ulipaswa kuwa umelala ili uwahi darasani. Siku moja nilikuta kwenye simu yake umepiga mara thelathini na moja. Tulikuwa tumemkataza kupokea, kwa sababu alikuwa hawezi kuzuia kilio. Zuena jirani yetu, yule wa vitumbua, alituambia wazi. “Huyo mtoto keshajua kwa moyo wake. Nyie ndio hamjui kitu.” Gaspar akamjibu, “Bi Zuena, uza vitumbua.” Na mie nikacheka, Mungu anisamehe.

Kwa hiyo hivyo ndivyo ulivyofeli. Tulificha ili ufaulu, na kule kuficha ndiko kulikokufelisha.

Kuna lingine baya zaidi. Tarehe 11 Desemba, tulipokupigia kusema baba amefariki leo, niliwaita wanawake sita wa jumuiya yetu waje waimbe nyimbo za msiba nyuma yangu, ili usikie matanga mapya. Walikuja. Waliimba. Mmoja wao hajaniangalia usoni mpaka leo tukikutana kwenye rozari. Kilio cha mama yako tu ndicho kilichokuwa cha kweli.

Na yale maneno uliyonisomea Krismasi, uliyoyaweka mwanzoni mwa maelezo yako ya kuombea chuo, ya kwamba baba alikuandikia, “Mwanangu, Mungu ameiweka mikono yako kwa ajili ya wagonjwa.” Uliyasoma kwa Kiingereza, ukanitafsiria, nami nikasema ni mazuri. Recho, yatoe. Hayo niliyaandika mie mwezi wa Novemba, nimekaa kwenye kitanda chake kitupu. Baba yako hakuwa mtu wa maneno marefu, wewe unamjua. Ningeweza kunyamaza ukaingia chuoni na uongo wangu ukiwa mstari wa kwanza. Nilitamani hivyo. Kwa wiki mbili na zaidi nilitamani.

Niliungama dhambi hii mwaka uleule. Padre aliniondolea, ila akasema niende nikamwambie mwenyewe. Nilimwitikia. Ni miaka minne sasa.

Basi waandikie chuo ukweli wote. Pamoja na cheti nimeweka karatasi nyingine yenye sahihi yangu, inasema nani aliamua, nani aliandika zile jumbe na kwa nini. Ni Kiswahili cha mtu wa darasa la saba, lakini Allen amekitafsiri na mwanasheria amegonga muhuri. Nitaje kwa jina. Watakachofikiri juu yangu hakinidhuru, mie sitakutana nao.

Sijui kama watakuelewa. Watu wa huko huenda wakaona sie ni wakatili, au wakaona wewe umetunga. Sitakuahidi kwamba watakupokea, maana nimeshakuahidi mengi ya uongo.

Limebaki moja, na ndilo lililokuwa linanizuia hata kuliko tarehe. Siku zake za mwisho baba yako alikuwa anaandika kwenye daftari akitaka kitu. Maji. Geuza mto. Funga pazia. Siku mbili kabla hajafa aliandika maneno mawili, akanisukumia daftari mpaka mapajani kwangu. Aliandika, “Recho aje.”

Nikamwambia una mitihani, utakuja Desemba. Akayapigia mstari chini maneno yale kwa kalamu, mara mbili. Mie nikalifunga daftari. Sikumwambia mama yako wala Gaspar. Wangejua, wangekupigia siku ileile, na pengine ungemkuta. Nilimwangalia mdogo wangu usoni nikamwamulia.

Karatasi hiyo nayo nimeichana nikaitia humo. Ni yako. Mwandiko umepinda lakini unasomeka.

Mama yako sasa anajua yote, na la daftari nilimwambia jana. Aliingia ndani akafunga mlango, na nilipoondoka hakutoka kunisindikiza. Amesema simu yako ikiita, saa yoyote, atapokea yeye. Ukitaka kuongea na yeye bila mie, ni haki yako.

Allen anakusalimu. Gaspar anakusalimu pia, alitaka aandike mstari wake hapa chini, akashika kalamu, akairudisha. Zuena anasema salamu nyingi, na kwamba anakuombea kwa Mungu wake kama mie ninavyokuombea kwa wangu.

Bwana akufunike huko uliko, asikuache upande wala ushuke peke yako, akuonyeshe njia hata kama milango ya watu itafungwa. Sikuombi unisamehe kwenye barua hii. Nakuomba tu uwaandikie hao watu kabla ya tarehe 30, na uyafute yale maneno ya uzembe.

Mimi shangazi yako, ninayekupenda leo, na hata ukikaa kimya,

Sesilia