Wimbo Wako kwa Mwendo wa Pole

Leeds, Jumapili mchana

Dada yangu mpendwa Karimi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Mwenda. Mimi mwili ni mzima, ila baridi ndiyo inanitafuna vidole. Nanyi hapo Nyeri mko aje? Kidonda cha shingoni, pale walipokutoa uvimbe, kimekauka, ama bado unajifunga leso? Unameza ugali bila shida? Shemeji, Baba Makena, aliniandikia kwamba daktari amesema mngoje miezi mingine ndipo ijulikane kama sauti itarudi. Hiyo barua nimeisoma mara nyingi nikitafuta neno ambalo pengine nililiruka. Na mama, bado anashuka Wang'uru kununua mchele wa kuuza, ama mgongo umemkataza?

Kaseti yako ilifika salama, ikiwa ndani ya soksi ya Makena. Nimeelewa unachotaka. Mashindano ya kwaya ni Pasaka, huko Kangema, na Nyaguthii ndiye atasimama mahali pako kuongoza ule wimbo ulioutunga. Haishiki ile mizunguko ya sauti kwa sababu kwa kaseti inapita haraka, na wewe huwezi tena kumwonyesha. Ukaniomba nitafute huku namna ya kuupunguza mwendo niuweke kwa CD, kwa vile kanisa limepewa redio ya CD.

Nilidhani ni kazi ya siku moja. Ninakaa na Mghana anayeitwa Kofi, tunafua naye shuka za hospitali. Yeye ana kompyuta, kwa sababu hupiga gitaa la besi kanisani kwao na nyimbo hujifunzia humo. Tulitoa waya kwenye redio yangu ya kaseti, tukauchomeka nyuma ya kompyuta, wimbo ukaingia. Shida ikawa ni programu gani ya kutumia. Ya kwanza ilipunguza mwendo, lakini ikashusha na sauti, ukawa unaimba kama mzee mwenye mafua. Kofi alicheka. Mimi nilitoka nje. Ya pili iliacha sauti yako pale pale juu, ila maneno yalitetemeka kama ya mtu anayeimbia ndani ya tangi la maji, tena ilikuwa ya kujaribu tu, ikifika dakika moja inanyamaza. Ya tatu ndiyo iliyokubali, na ilimchukua Kofi wiki mbili kuipata kwa rafiki yake. Kisha ikaja kazi ya kuchoma. Ndivyo wanavyosema, kuchoma CD, yaani kuuandika wimbo juu yake. Ikichoma usiguse kitu chochote cha kompyuta, la sivyo inaharibika. Tuliharibu tatu.

Sasa dada, nikwambie kilichonifanya nikae kimya siku hizi zote. Wimbo ukienda nusu ya mwendo wake, mtu anasikia kila kitu. Kwa ubeti wa tatu, pale unapopanda, kuna pumzi unaivuta katikati ya neno, nayo inakwaruza. Zamani hukuwa unavuta pumzi pale. Nilirudisha nikasikiza, nikarudisha tena. Ni mimi niliyekurekodi, kwenye kile chumba cha nyuma cha kanisa, nikakuimbisha mara tano kwa sababu mara ngoma iliingia mapema, mara lori lilipita. Baada ya ile ya nne ulishika shingo ukasema koo linakuwasha. Nikakwambia, "Mara moja tu, dada, halafu twende nyumbani." Hiyo mara moja ndiyo iko kwa kaseti.

Kofi anasema uvimbe hauletwi na kuimba. Muuguzi mmoja naye amenieleza kwamba lazima mshipa wa sauti uliguswa ulipopasuliwa, na hiyo hutokea. Nawaamini. Hata hivyo nikikunja shuka pale kazini naisikia ile pumzi.

Hii programu ya tatu inaweza kukata kipande. Ningeitoa, Nyaguthii asingejua. Lakini niliona si haki kuamua peke yangu, ndipo Alhamisi nikapiga simu kwa duka la jirani yenu. Baba Makena alikuja, nikamweleza, akakupa simu. Nilikuuliza, "Niikate ama niiache?" Nikasikia mtu akiitisha mkate hapo dukani, na karibu na sikio langu kitu kama hewa. Nikasema, "Dada, sisikii." Hewa tena. Halafu kadi ya simu ikaisha.

Nilisimama kwenye kile kibanda cha simu mpaka mama mmoja akagonga kioo. Najua ulinijibu.

Nikingoja barua yako, Pasaka itanipita. Kwa hivyo nimeiacha. Nilikaa mbele ya kompyuta mara mbili nikitaka kuikata na mkono ukakataa. Kama ndivyo ulikuwa unasema, kwamba nikate, unisamehe.

Hii ndiyo CD. Wa kwanza ni nusu ya mwendo, wa pili unaenda haraka kidogo, wa tatu ni wenyewe kama ulivyouimba. Redio zingine hukataa CD za kuchomwa nyumbani, basi nimeweka na kaseti. Nyaguthii aanze na wa pole, asiwe na haraka.

Nisalimie mama, na shemeji, umshukuru kwa kukimbia mpaka dukani. Nisalimie Makena, na mwalimu wa kwaya, na akina mama wote wa sauti ya kwanza uliokuwa ukisimama nao. Shemeji ameniandikia kwamba siku hizi ukifika kanisani unakaa kiti cha mlangoni, na wimbo ukianza unatoka. Siku ya Kangema utakaa wapi? Nawaza hilo.

Ni mimi ndugu yako niliye mbali, nisiyejua la kufanya,

Mwenda