Jina la Bibi Nakijwa

Woodbury, Minnesota

Mdogo wangu mpendwa Naelijwa,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwako. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba mvua za vuli hazikuliharibu paa la jiko. Sisi huku tu wazima. Upendo, mwanangu, amejifungua salama mtoto wa kike, nami nimepewa kazi ya kumbembeleza kichanga wakati mama yake anapooga. Baridi imenifungia ndani, na kwa kuwa siendeshi gari, natembea kutoka dirisha hili hadi lile.

Nakuandikia kwa sababu moyo wangu haujatulia tangu Jumanne.

Upendo aliponiuliza zamu ya jina ni ya nani, nilijua vema. Jina la mama yetu alikwisha kupewa binti yake wa kwanza. Sasa ni zamu ya Bibi Nakijwa, aliyemzaa baba yetu. Nikamruka. Nikasema, "Mwite Naomi, kwa ajili ya shangazi yangu."

Jumanne tulimpeleka mtoto mjini Anoka, kwa bibi mmoja wa Kizungu ambaye Upendo humuuguza. Alimpakata, akauliza amerithi jina la nani. Kisha akatueleza kwamba yeye mwenyewe amerithi jina la bibi wa mababu zake, aliyeshtakiwa uchawi akanyongwa, kwa kuwa ng'ombe wa jirani aliacha kutoa maziwa. "Nimerithi na ulimi wake," akasema, "ndiyo maana daktari wangu hunikimbia." Upendo alinitafsiria huku akicheka. Yule bibi akanigeukia: "Na kwenu, mzee, hayakutokea mambo haya?"

Nikajibu, "Hapana, mama."

Naelijwa, nimehubiri miaka arobaini, na nilisema uongo nikiwa nimeshika chupa ya maziwa ya mtoto.

Unajua alivyotusimulia Baba. Watoto wa jirani walipokufa kwa surua, Bibi Nakijwa alishtakiwa kuwaroga, akaitwa barazani anywe dawa ya kiapo, ile isemwayo humdhuru mwenye hatia. Akakataa, kwa kuwa alikuwa amebatizwa, na mwalimu wa kanisa alikuwa amewakataza Wakristo viapo vile. Kukataa kwake kukahesabiwa kuwa ni kukiri. Akafukuzwa, akafia ugenini, na kanisa alilolitii halikutuma hata mtu mmoja kumzika. Nami, nilipokuwa mwinjilisti kijana, nikaagizwa kuandika majina ya marehemu wa ukoo wetu yasomwe ibadani. Wazee waliniambia, "La huyo liachie nafasi." Sikuacha hata nafasi.

Jana nilimweleza Upendo yote. Akasema, "Baba, fomu ya ubatizo nimeshaijaza. Lakini fomu hubadilishwa."

Ubatizo ni Jumapili ijayo, ndiyo sababu Upendo ataipiga picha barua hii na kuituma kwenye simu ya mwanao. Kwa desturi yetu shangazi ndiye hutamka jina, na shangazi wa Upendo ni wewe. Sijasahau ulivyonijibu nilipoligusa jambo hili zamani: "Kaka, wewe uko kwenye barafu. Mimi ndiye ninayechota maji kisima kimoja na watu wale." Neno lako ni la haki. Maneno ya watu hayatanifikia huku. Yatakukuta wewe kisimani. Kwa hiyo siamuru, naomba. Ukikubali, piga simu Jumamosi, ulitamke jina la Bibi sikioni mwa mtoto. Ukikataa, ataitwa Naomi wala sitakulaumu. Lakini nitarudi Anoka kumwambia yule bibi ukweli, maana uongo ule ni wangu peke yangu.

Nisalimie shemeji, mumeo, na mkweo anayekutunza. Na mzee Elifasi, jirani yetu, ambaye babu yake ndiye aliyemshtaki Bibi: ukikubali, mwendee kabla ya Jumamosi. Mpe salamu zangu, umwambie tumepata mtoto. Akiuliza anaitwa nani, mjibu.

Kaka yako katika Kristo,
Mbonea