Debe la Wimbi

Kitale, Jumatatu

Dada yangu Nabwile,

Nimekuandikia barua uisome ukiwa peke yako, maana simu yako hapo Sirisia inashikwa na kila mtu. Leo kliniki imetoa majibu ya mwisho ya Mukhisa. Hana virusi vya ukimwi! Nimemnyonyesha huku nikimeza dawa zangu kila siku, na mtoto ni mzima! Nilipiga kelele mpaka nesi akacheka. Saa hii anakimbiza kuku wa jirani.

Unakumbuka mama mkwe alivyokuja kukaa na sisi, mtoto akiwa na miezi mitatu? Alisema ati namnyima chakula. Nikamwambia ni titi tupu mpaka miezi sita. Akakasirika, akaenda jikoni kumpikia uji mwenyewe. Lakini alitoka mikono mitupu na hakutaja uji tena. Hata jirani alipomletea mtoto kikombe cha uji, si ni yeye alimfukuza! Mimi nikajisifu ati nimemshinda, na bado nikidhani ni wewe na mume wangu tu mnajua hali yangu.

Leo nilimwambia tu, "Mama, mtoto yuko sawa kabisa." Akaacha kupukuchua mahindi, akanikumbatia, akalia. Halafu akasema:

"Sasa Sellah, toa hizo dawa zako kwa debe la wimbi. Tangu siku ile sijagusa huo unga, na mimi napenda uji."

Nakuandikia nikinywa uji wake.

Mdogo wako,
Sellah