Mlio wa Sita

Kamwene, mjukuu wangu Neema. Goti la bibi yako limepona, amerudi shambani na kelele zake zote.

Unauliza kwa nini saa yako mpya huko Ujerumani, inayojirekebisha kwa redio, imezima kile kialama cha mnara na bado inatembea. Imekosa mawimbi, mama. Inajihesabia yenyewe.

Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu kijana hapa Kihesa. Asubuhi ya mtihani wa darasa la saba tukakuta saa ya ukutani imesimama. Nikaweka mishale kwenye saa moja kamili, nikakishika kining'inio kisibembee, nikasubiri milio sita ambayo redio hupiga kila saa kamili, wa sita ndio saa yenyewe. Betri za redio zilikuwa zimechoka, nimezipasha kando ya moto tangu alfajiri. Nikabana pumzi. Mmoja, miwili, mitatu, minne, mitano. Redio ikakata. Nikahesabu wa sita moyoni, nikaachia.

"Umeusikia wa mwisho?" mwalimu mkuu akauliza.

"Nimeusikia."

Huenda nilikosea nusu sekunde tu. Lakini saa yako ikikosa mawimbi inazima alama, inakubali kuwa haikusikia. Mimi yangu ndiyo kwanza naizima leo.

Ni mimi babu yako, Iringa.